Kosa Linaloendesha Mtambo: Kutoka Kisiagi cha Bungoma Hadi Bwawa la Jinja

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kulikoni. Jibu ni fupi: nilikuwa Kitale nikipigana na mahindi. Leo basi sitaandika kuhusu simu mpya wala programu mpya. Nitaandika historia, historia ya kitu kidogo ambacho wahandisi hukiita kosa, kwa sababu mwezi wa Novemba kitu hicho kilinitia aibu mbele ya watu wazima, na nilipokwenda kutafuta asili yake nikajikuta nimefika Uingereza ya karne ya 18, nikapitia Jinja ya mwaka 1954, kisha nikarudi hadi bwawa la Turkwel lililo kaskazini yetu hapa.

Nianze na aibu yenyewe. Kuna kikundi cha wakulima nje kidogo ya mji wa Kitale wanaokuza mahindi ya mbegu. Walinunua kikaushio kilichokwisha kutumika: kasha kubwa la mabati, tanuri linalochomwa magunzi, feni kubwa ya kupuliza hewa moto katikati ya mahindi na feni ndogo ya kuchochea makaa. Wakaniomba niwatengenezee kitu cha kuangalia joto ili mtu asikeshe hapo usiku. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, nikaona hii ni kazi ya jioni moja. Mahindi ya kula hustahimili joto kiasi, lakini mbegu ni kitu kilicho hai. Ukipita nyuzi 43 hivi kiini chake kinaanza kufa. Nikaweka lengo la nyuzi 40. Programu yangu ilikuwa na mistari sita: joto likiwa chini ya 40, washa feni ndogo; likifika 40, zima. Nikaenda kulala nikijipongeza.

Asubuhi nilifungua rekodi. Joto lilikuwa limepanda hadi 52, likashuka hadi 33, likapanda tena hadi 51, likashuka, hivyo hivyo hadi alfajiri kama mtu anayebembea. Kwa nini? Kipimajoto nilikiweka juu, mahali hewa inapotokea, kwa sababu hapo palikuwa rahisi kufikika. Kilipoonyesha 40, mahindi ya chini yalikuwa yameshapikika. Na hata baada ya kuzima feni, magunzi hayana habari na programu yangu: makaa yaliendelea kuwaka kwa nusu saa nzima.

Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi, alihesabu punje mia moja akazifunga ndani ya gunia bichi. Baada ya juma moja hazikufika nusu zilizoota. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, hizi sasa ni za ugali." Gunia nane za mbegu.

Mtu anaweza kusema, si mngeanika juani kama watu wote? Wenyeji wa Trans Nzoia watacheka. Mavuno yetu huanzia Oktoba, na mvua ya mwisho wa mwaka haimwulizi mtu kama ameshavuna. Mahindi yasiyoshuka hadi unyevu wa asilimia 13.5 hayakai ghalani. Mwaka 2004 huko Ukambani sumu ya kuvu, aflatoksini, iliingia katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, watu 317 wakaugua na 125 kati yao wakafa. Kwa hiyo kukausha si mchezo.

Haya, turudi nyuma. Nikiwa mtoto nilikuwa nikitumwa kisiagi, huko kwa nyanya yangu upande wa Bungoma, nikiwa na gorogoro mbili za mahindi kichwani. Kinu kilikuwa kikiendeshwa na injini ya dizeli, zile za Kiingereza za silinda moja zenye gurudumu zito pembeni, ambazo sauti yake huisikia kutoka ng'ambo ya mto. Nilichokipenda ni hiki: fundi alipomimina mahindi, mlio ulizama kidogo, tuk... tuk... tuk, halafu bila mtu kugusa kitu chochote ukanyanyuka tena na kurudi pale pale ulipokuwa. Mahindi yalipokwisha, ulipaa kidogo, kisha ukatulia. Nilimwuliza fundi nani anayeongeza mafuta. Akanijibu, "Ni gavana." Hiyo ilikuwa kabla ya mwaka 2013, kabla Bungoma haijapata gavana wa aina nyingine, kwa hiyo sikucheka.

Gavana huyo wa chuma ni rahisi kueleza. Ni vipande viwili vya chuma vinavyozungushwa na injini. Injini ikienda kasi, vinatanuka kwenda nje, na vinapotanuka vinavuta mkono unaopunguza dizeli. Injini ikizubaa vinajikunja, mkono unaachilia dizeli iongezeke. Matokeo ya mtambo, yaani kasi yake, yanarudi na kuwa sehemu ya amri inayoupa mafuta. Kurudi huko ndiko tunakokuita mrejesho. Na kinachorudi hasa ni tofauti kati ya kasi tunayoitaka na kasi iliyopo. Tofauti hiyo ndiyo kosa. Gavana hajui kama yaliyomiminwa ni mahindi au mtama, hajui mvua ilinyesha jana au la. Anajua kosa tu, na linamtosha.

Wanaosoma historia ya mambo haya hupenda kuanza na Alexandria, Misri, karne ya tatu kabla ya Kristo, ambako fundi aliyeitwa Ktesibios alitengeneza saa ya maji yenye boya: maji yakipungua boya linashuka na kufungua njia, yakijaa linapanda na kuziba. Ndugu, hilo ni boya lile lile lililomo katika tangi la choo chako. Kwa hiyo mrejesho ulianzia Afrika, na mtu asikudanganye.

Lakini gavana wa mipira inayozunguka alizaliwa kinuni. Hili sikulijua na lilinifurahisha sana. Waingereza waliokuwa wakisaga unga kwa vinu vya upepo walikuwa na tabu moja: upepo ukivuma kwa nguvu mawe ya kusagia yanaachana na unga unatoka chenga. Mwaka 1787 Thomas Mead alipewa hataza ya kifaa cha mipira inayotanuka kwa ajili ya vinu hivyo. Mwaka uliofuata Matthew Boulton alikiona kifaa cha namna hiyo katika kinu cha Albion, London, kinu kikubwa kilichoendeshwa kwa mvuke, akamwandikia mshirika wake James Watt. Watt akakihamisha kutoka kwenye mawe hadi kwenye bomba la mvuke, na dunia yote ikampa yeye sifa. Kinu cha Albion chenyewe kiliungua mwaka 1791. Fundi wetu wa Bungoma basi hakuwa ameazima kitu cha garimoshi akakipeleka kinuni. Kilikuwa kimerudi kwao.

Kulikuwa na matatizo mawili, na yote mawili yalinipata Kitale miaka zaidi ya mia mbili baadaye.

La kwanza: gavana wa Watt hakurudishi hasa pale unapotaka. Chukua mfano wa kikaushio changu. Tuseme kila nyuzi moja ya kosa inaipa feni asilimia 10 ya nguvu. Na tuseme kulishikilia joto huku juu kunahitaji feni iende kwa asilimia 30 muda wote. Sasa fikiri: joto likifika 40 kamili, kosa ni sifuri, basi feni inapata sifuri, basi joto linashuka. Linashuka mpaka wapi? Mpaka kosa liwe nyuzi 3, ndipo feni ipate ile asilimia 30 yake. Mtambo utatulia kwenye nyuzi 37 na kubaki hapo, umeridhika, huku wewe ulitaka 40. Kosa ndilo chakula chake. Ukilimaliza unamwua kwa njaa.

La pili ni baya zaidi. Ukisema basi nitaongeza ukali, kila nyuzi moja ipewe asilimia 50, kosa linalobaki linapungua kweli, lakini mtambo unaanza kuyumba. Kadiri habari inavyochelewa kufika, ndivyo inavyoyumba zaidi, kwa sababu unasahihisha kosa la zamani ambalo halipo tena. Mwanaastronomia George Airy aliyapata hayo huko Greenwich mwaka 1840: alitaka darubini igeuke polepole na kwa usawa ikifuata nyota, akafunga gavana, na mashine ikaanza kurukaruka mbele na nyuma. Airy alikuwa mwanahisabati, kwa hiyo hakupiga teke mashine, aliandika milinganyo. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, yule yule wa sumakuumeme, aliandika makala fupi kuhusu magavana akaonyesha kwamba kutulia au kuyumba kwa mtambo unaweza kukujua kwa hesabu kabla hujaujenga. Alitofautisha pia vifaa vinavyopunguza tu kosa na vile vinavyoliondoa kabisa. Mistari yangu sita haikuwa imefika mwaka 1868. Haikufika hata kwa Watt. Ilikuwa kama swichi ya taa.

Kabla sijaendelea, wengi wenu nikitaja gavana mnafikiria matatu. Naam, mwezi wa Februari 2004 kanuni za waziri Michuki zilipoanza kufanya kazi, kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Nacho hupima kasi na kuikata ikizidi, lakini hakijali ukienda 40. Ni gavana anayefanya kazi upande mmoja. Na kila mtu anajua mafundi walivyojifunza kumpofusha.

Sasa twende Jinja, kwa sababu hapa ndipo hadithi inaponigusa kama mtu wa magharibi.

Mlima Elgon na vilima vya Cherangani vinazaa mto Nzoia. Unapita karibu na Kitale, unashuka Webuye pale palipoitwa zamani Broderick Falls, unapita Bungoma na Mumias, unafika Budalangi ambako watu wanaujua kwa mafuriko, kisha unamwaga maji katika Ziwa Viktoria. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Jinja, mwanzo wa Naili. Na hapo Jinja, tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls. Kenya ikaunda kampuni ya kujenga laini ya stima kutoka Tororo hadi Nairobi, na umeme wa Jinja ukaanza kupita juu ya vichwa vya wazee wetu, wengi wao wakiwa na koroboi nyumbani. Mnaona duara lilivyofungika? Maji yanatoka kwetu yakiwa mto, yanarudi yakiwa stima. Wazee hawakuonja stima hiyo kwa muda mrefu, lakini hayo ni malalamiko ya siku nyingine.

Ugumu ulikuwa huu. Kabla ya bwawa, maporomoko ya Ripon ndiyo yaliyokuwa gavana wa ziwa. Mwamba ulikuwa mlango usio na mlinzi: ziwa likipanda maji mengi zaidi yanapita, likishuka yanapita machache. Hakuna aliyeamua. Lilikuwa boya la Ktesibios lenye ukubwa wa nchi. Bwawa lilipojengwa maporomoko ya Ripon yalizama, na badala ya mwamba pakawa na milango ya chuma na mtu wa kuifungua. Misri, ambayo uhai wake ni Naili, haikupenda mtu mwenye ufunguo. Katika makubaliano ya Uingereza na Misri yaliyoanza mwaka 1949, mhandisi wa Misri aliruhusiwa kukaa Jinja na kuangalia, na ukawekwa mkunjo uliokubaliwa: grafu moja inayosema, kipimo cha Jinja kikisoma kina hiki, toa maji kiasi hiki, si zaidi wala si pungufu. Grafu hiyo ilinakili tabia ya mwamba uliozama.

Mimi kama mwandishi wa programu nilipoielewa nilisimama kidogo. Hiyo ni programu! Ina ingizo moja, ina jedwali, ina jibu moja. Iliandikwa kwenye karatasi na ikaendeshwa na binadamu, na mataifa yakaitia saini.

Halafu ikaja mvua ya mwisho wa mwaka 1961. Wazee wa Afrika Mashariki wanaikumbuka. Kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita mbili, jambo ambalo vipimo vya miaka zaidi ya sitini iliyotangulia havikuwahi kuonyesha. Kipimo cha Jinja kilitoka nje ya karatasi. Mkunjo ulikuwa umechorwa kwa ziwa lililojulikana, na ziwa hilo sasa halikuwepo. Ikabidi wahandisi waurefushe ule mstari juu zaidi. Gavana aliendelea kufanya kazi yake, kwa sababu maji yalipanda na milango ikafunguliwa zaidi. Kilichovunjika ni modeli, ile picha ya vichwani mwao kuhusu ziwa ni kitu gani.

Hapa nitulie kidogo, maana hii ndiyo nusu ya pili ya mambo. Kosa lina kazi mbili. Moja ni kusukuma mtambo urudi kwenye lengo, hiyo tumeiona. Nyingine ni kukuambia kwamba unachokiamini kuhusu mtambo si kweli. Januari 1801 mtawa wa Italia, Piazzi, aliona nyota ndogo ikitembea, akaifuata kwa majuma machache kisha ikapotea nyuma ya mwangaza wa jua. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alichukua vile vipimo vichache akatafuta njia ambayo ingeacha makosa madogo kabisa kwa vipimo vyote kwa pamoja, akatabiri itakapotokea, na ilipofika mwisho wa mwaka ikaonekana karibu na hapo aliposema. Ceres ikapatikana. Gauss hakuyaogopa makosa ya vipimo, aliyafanya yamfundishe. Lakini yapo makosa ya aina mbili. Yakiwa yametawanyika, mara juu mara chini, ni kelele za vyombo, vumilia. Yakiwa yanaegemea upande mmoja siku baada ya siku, kama ziwa lililopanda tu bila kushuka, hayo si kelele. Kuna kitu hakimo katika hesabu yako.

Na kuna wakati modeli iko sawa na mtu ndiye anayeamua kutoisikiliza. Uganda ilipanua Jinja kwa kituo kipya, Kiira, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 2000. Mahitaji ya stima yalikuwa yakipanda kila mwaka, na mvua ikapungua. Mkunjo ulisema: ziwa limeshuka, punguza maji. Miji ilisema: tunataka taa. Mwaka 2004 na 2005 maji yaliyotolewa yalizidi mkunjo, na mwaka 2006 ziwa likashuka hadi kina ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Gati za Kisumu zikawa juu ya maji, wavuvi wakasukuma mashua matopeni. Mtaalamu Daniel Kull alikadiria mwaka huo kwamba karibu nusu ya mshuko wa miaka hiyo miwili ulitokana na maji yaliyotolewa kupita kiasi, nusu nyingine ukame. Wengine walilaumu ukame zaidi. Angalieni mzunguko wenyewe ulivyokuwa: kina kikishuka, tone moja la maji huzaa umeme kidogo zaidi, kwa hiyo unahitaji maji mengi zaidi kwa stima ile ile, kwa hiyo kina kinashuka tena. Mrejesho uligeuzwa ishara, ukaacha kusahihisha ukaanza kuchochea. Mimi siwalaumu sana waliokaa pale. Waziri anayelaumiwa kwa giza leo hawezi kutetewa na grafu ya mwaka 1954. Lakini mwamba wa Ripon usingekubali. Mwaka 2020 ziwa lilipita rekodi ya 1964, na safari hiyo ni watu wa ufukweni waliohama, kule Budalangi na kwingineko.

Upande mwingine wa Elgon kuna hadithi ya kinyume. Mto Suam unashuka kaskazini ukiitwa baadaye Turkwel, na katika korongo kati ya Pokot na Turkana lilijengwa, tangu 1986 hadi 1991, bwawa la tao lenye kimo cha mita 153 na mashine za megawati 106. Makadirio yalisema lingejaa upesi. Halikujaa. Kwa miaka mingi maji yalibaki chini sana ya ukingo, na watu wakasema ni mradi wa wanasiasa tu. Kisha mwaka 2020, mvua zile zile zilizojaza Viktoria zikalipandisha Turkwel hadi kina ambacho halijawahi kufika, na kampuni ya KenGen ikaanza kuwaonya waishio chini ya bwawa wahame kando ya mto. Tazama sasa: miaka karibu thelathini ya kosa la upande mmoja, kisha ghafla kosa la upande wa pili.

Pamoja na hayo, Turkwel hufanya kazi moja nzuri ambayo haionekani. Mashine zote za stima nchini, pamoja na zile za Uganda tulizounganishwa nazo, huzunguka kwa mwendo mmoja, mizunguko 50 kwa sekunde ya umeme. Ukiwasha pasi Kitale, mashine zote zinazubaa kwa kiasi kisichopimika, kama kisiagi kilichomiminiwa punje moja. Mashine za maji ni nyepesi kuongeza au kupunguza mwendo kuliko zile za mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwa hiyo mara nyingi ndizo zinazobeba kazi ya gavana kwa nchi nzima. Kazi hiyo ikishindwa mnajua kinachofuata. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Mashine za hapo zikazidiwa na kujizima, megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mara moja, na Kenya yote ikaingia gizani. Dunia ilimcheka tumbili. Mimi nilicheka pia wakati huo, lakini sasa naona jambo lenyewe halikuwa tumbili: kosa lilikuwa kubwa na la haraka kuliko magavana waliobaki walivyoweza kulifukuzia, na kila mashine iliyojiokoa iliwaongezea mzigo wenzake. Tumbili, kwa taarifa yenu, alinusurika.

Turudi kwenye gunia nane.

Dawa ya kikaushio changu iliandikwa mwaka 1922 na Nicolas Minorsky, Mrusi aliyehamia Marekani, na haikuandikwa kwa ajili ya joto bali kwa ajili ya meli. Minorsky aliwatazama mabaharia wazoefu wanaoshika usukani. Aliona hawageuzi kwa kuangalia tu meli imepotoka kiasi gani. Wanaangalia pia imekuwa ikipotoka kwa muda gani, wakaweka usukani kidogo upande mmoja kuupinga upepo usiokoma. Na wanaangalia inageuka kwa kasi gani, wakaanza kurudisha usukani kabla meli haijafika. Kosa la sasa, kosa lililolimbikizana, na mwendo wa kosa. Viwango hivyo vitatu vikajumlishwa, vikajaribiwa kwenye manowari New Mexico, na leo vimo ndani ya karibu kila kiwanda duniani.

Niliwasimulia wazee wa kikundi habari za mabaharia hao, na mzee mmoja aliyewahi kuendesha trekta akaniambia, "Sasa kijana, wewe ulishika usukani ukiwa umefumba macho, ukafumbua ulipofika shimoni." Sikuwa na la kujibu.

Kwanza nilihamisha kipimajoto kutoka juu nikakiweka chini, pale hewa moto inapoingia. Hilo peke yake lilikata nusu ya kuyumba, na halikuhitaji programu yoyote. Kisha nikaandika upya. Kosa la sasa linapewa nguvu kiasi. Kosa lililolimbikizana linaongezwa polepole, ndilo linaloziba zile nyuzi 3 za mfano wangu wa juu. Na joto likiwa linapanda kwa kasi, feni inaanza kupunguzwa hata kabla ya 40. Niliongeza kizuizi kimoja ambacho vitabu hukitaja kwa kupita: mlimbikizo usizidi kiwango fulani, la sivyo mtu akifungua mlango wa kasha kwa dakika ishirini ili kupiga soga, kosa litarundikana na mashine italipiza kisasi akifunga. Hili nalo nilijifunza kwa kuona, kwa mahindi ya kuku safari hii.

Joto sasa linacheza kati ya 39 na 41. Mama mweka hazina alifunga punje nyingine mia katika gunia bichi, akaja kunionyesha bila kusema neno: tisini na nne zimeota. Akanipa gorogoro mbili za maharagwe. Gunia nane zile hazikurudi, na nimekubaliana na kikundi nitazilipa kwa awamu hadi msimu ujao.

Jambo moja limebaki. Nimeanza kuhifadhi kwenye faili kila dakika programu inachotabiri na kipimajoto kinachosoma. Mchana makosa yametawanyika vizuri, juu na chini. Lakini kila usiku, kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, tanuri huwa na joto pungufu ya nilivyokadiria, usiku baada ya usiku, upande ule ule. Nilidhani ni baridi ya Kitale, nikaiingiza katika hesabu. Kosa likapungua lakini halikuisha. Mlinzi anasema yeye hulisha tanuri magunzi kama kawaida saa hizo. Kesho kutwa nitakwenda kukesha naye.